Kabureta Inayovuja na Adabu ya Kutafuta Sababu

Aghalabu mwenye pikipiki aonapo petroli inadondoka chini ya injini yake huuliza bei ya kabureta mpya kabla ya kuuliza sababu ya tone lile, na fundi mwenye haraka, ambaye wateja wamemzunguka na jua limemsimamia utosini, humjibu bei badala ya kumjibu sababu. Ndivyo zinavyotupwa kabureta nyingi ambazo zingeweza kuishi miaka mingine mingi, na ambazo dosari yao yote ilikuwa chembe ya mchanga, au ncha ya sindano iliyolika kwa kazi, au oringi iliyokakamaa kwa joto. Makala haya yanaitetea njia nyingine, iliyo ndefu kidogo kwa saa lakini fupi kwa fedha: kwamba uvujaji wa kabureta si maradhi yenyewe bali ni shahidi wa maradhi, na kwamba mtu amhojiye shahidi huyo kwa taratibu, asiirukie hukumu kabla ya kumsikiliza, huifikia asili ya jambo akiwa na bisibisi, kitambaa safi na subira.

Pikipiki ninayoikusudia hasa ni ile ya nyika, iliyoinuliwa juu ya tairi zenye meno, yenye springi ndefu na tangi jembamba, iliyoundwa kwa ajili ya mawe, matope na vijia vya ng'ombe. Kampuni ya Yamaha ilipotoa DT-1 yake ya sentimita za ujazo 250 mwaka 1968 ilithibitisha kuwa chombo kimoja chepesi chaweza kupita barabarani na porini pia, na tangu wakati huo jamaa zake wadogo, kama DT 125 na AG 100, pamoja na Honda XL 125, wamekuwa watumishi wa kutegemewa katika Afrika ya Mashariki. Pikipiki za namna hiyo ndizo zilizowachukua mabwana shamba, mabwana mifugo, wauguzi wenye masanduku ya chanjo, mapadri na walimu hadi kwenye vijiji ambavyo gari huvishindwa masika yakishamiri. Mojawapo ikikatika njiani kwa sababu petroli yake imemwagika mchangani, hasara haimwangukii mwenyewe peke yake. Humwangukia pia mama aliyetoka alfajiri na mtoto mgongoni kuja kuingoja chanjo, na mfugaji ambaye ndama wake hawezi kungoja siku ya pili.

Ni kweli kwamba ulimwengu wa pikipiki umeanza kuiaga kabureta. Suzuki iliipa pikipiki yake ya mashindano, RM-Z450 ya mwaka 2008, mfumo wa kupuliza mafuta unaotawaliwa na umeme, Honda ikafuata kwa CRF450R ya mwaka 2009, na kanuni za moshi za Ulaya na za India zimewasukuma watengenezaji wengi upande huo huo. Walakini pikipiki zilizo nyingi katika njia zetu zingali zikinywa kwa kabureta, na hilo lina fadhila yake, kwa kuwa kabureta ni chombo ambacho mtu aweza kukifungua chini ya mwembe, akakiona chote kwa macho, akakifahamu, akakirudisha kazini bila kompyuta wala safari ya mjini.

Hikima ya boya na sindano

Kabureta ya pikipiki haihitaji pampu wala umeme ili ifanye kazi. Petroli hushuka kutoka tangini kwa uzito wake yenyewe, hupita katika koki na mpira, huingia katika bakuli dogo lililo chini ya kabureta, na humo hungoja. Juu ya bakuli liko koo la hewa, nalo limebanwa katikati. Hewa inayovutwa na pistoni ifikapo penye wembamba huenda mbio zaidi, na iendapo mbio msukumo wake hupungua, ndipo petroli iliyomo bakulini, ambayo yenyewe inalemewa na msukumo wa hewa ya kawaida, hupanda katika matundu ya jeti na kutawanyika kama ukungu. Daniel Bernoulli aliieleza asili ya jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1738, na Giovanni Battista Venturi wa Italia akaandika habari zake katika mabomba yaliyobanwa mwaka 1797, karibu miaka mia moja kabla ya Wilhelm Maybach wa Ujerumani, na Donát Bánki pamoja na János Csonka wa Hungaria, kuleta kabureta zao za kunyunyiza mnamo mwaka 1893.

Injini ya petroli hutaka takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito, na mizani hiyo haiwezi kusimama ikiwa kimo cha petroli bakulini kinapanda na kushuka ovyo. Hapo ndipo inapodhihiri kazi ya boya. Boya huelea juu ya petroli. Bakuli likijaa, boya hupanda, na ulimi wake mdogo huisukuma sindano fupi mpaka ncha yake ikae sawasawa katika kiti chake na kuifunga njia. Petroli ikitumika, boya hushuka, sindano hulegea, na njia hufunguka tena. Ni kanuni ile ile inayolilinda tangi la maji la nyumbani lisifurike usiku wenye nyumba wakiwa wamelala. Tena ni kanuni kongwe kuliko injini yoyote, kwa maana ndugu watatu wa Baghdad wajulikanao kwa jina la Banu Musa, katika kitabu chao cha hila na vyombo walichokitunga katika karne ya 9, walikwisha kueleza vyombo vinavyojitawala kwa maboya na kwa vali zenye umbo la pia. Sindano hii fupi isichanganywe na ile ndefu inayopanda na kushuka katika koo la hewa pamoja na waya wa akseleta, kwa kuwa ile hupima mafuta yanayokwenda kwenye injini, ilhali hii huilinda mipaka ya bakuli.

Kutokana na maelezo hayo hukumu moja hutokea, nayo ndiyo ufunguo wa kazi yote iliyo mbele yetu. Petroli haiwezi kutoka ndani ya kabureta isipokuwa kwa mojawapo ya njia mbili: ama kimo chake kimepanda kupita mpaka na chombo kinafurika, ama kimo ni sahihi lakini chombo chenyewe kina ufa, au kimelegea mahali penye ungio. Anayejua ni ipi kati ya hizo mbili amekwisha kuivuka nusu ya njia kabla ya kushika spana; na asiyejua aweza kubadilisha kila kipande kwa zamu na asiambulie kitu ila fedha kumtoka.

Hadhari kabla ya spana

Kabla ya uchunguzi wowote yapasa kusema maneno machache kuhusu moto, kwa kuwa mwenye kutafuta tone la petroli anafanya kazi karibu na hatari kuliko anavyodhani. Petroli hutoa mvuke wenye kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo katika nchi zetu hakuna saa ya mchana wala ya usiku ambayo mvuke huo haupo. Fauka ya hayo, mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa mara tatu hata nne, haupai juu ukatoweka, bali hutambaa chini, hufuata mabonde ya sakafu, na yamkini ukalifikia jiko la mkaa lililo mbali na pikipiki kwa hatua nyingi, kisha moto ukarudi kwa njia ile ile uliyoijia mvuke.

Kwa hiyo kazi ifanyike nje penye upepo, injini ikiwa imepoa, koki ikiwa imefungwa, na sigara, kibatari na mashine ya kuchomelea vyuma vikiwa mbali. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na moto husafiri nayo. Wala mtu asiivute petroli kwa mdomo kupitia mpira, ingawa desturi hiyo imeenea, kwani kiasi kidogo tu kikipita njia ya pumzi huweza kuyadhuru mapafu dhara kubwa.

Tone latoka wapi?

Swali la kwanza ni la mahali. Funga koki, ipanguse kabureta yote kwa kitambaa mpaka ikauke, uungoje unyevu uliobaki upae, kisha fungua koki na utazame bila kugusa kitu. Petroli ni nyepesi, hukimbia juu ya chuma na kudondokea mbali na ilikozaliwa, hata mtu akalilaumu bakuli ilhali mkosa ni mpira ulio juu yake. Kwa hiyo mtazamaji aanzie juu, kwenye koki, ashuke kwenye mpira, afike kwenye pua ya kabureta panapoingia mpira huo, kisha kwenye ungio la bakuli, na mwisho kwenye mirija iliyo chini.

Unyevu ukionekana kwanza kwenye mpira, hasa pale unapobanwa na klipu, huenda mpira umekauka na kupasuka, na ukiwa mrefu wa kutosha waweza kukatwa ncha mbovu na kuvalishwa upya. Unyevu ukijitokeza kuzunguka ungio la bakuli, oringi au gasketi imekwisha, au skrubu zimelegea. Petroli ikidondoka kwenye skrubu ya kumwagia mafuta iliyo chini ya bakuli, skrubu hiyo ikaze kwa kiasi, kwa kuwa aloi ya kabureta ni laini na hesi zake huharibika upesi mikononi mwa mtu mwenye nguvu nyingi. Lakini petroli ikitoka katika mrija wa kumwagia ziada, ule ulioelekezwa ardhini, basi kabureta inafurika, au mrija wa shaba uliosimama ndani ya bakuli umepasuka. Na hapo ndipo kesi nyingi za pikipiki za nyika huishia.

Pana tone lisilo na hatia, nalo yafaa litajwe ili mtu asimhukumu asiye na kosa. Pikipiki ya nyika iliyoanguka ubavuni, au iliyoegeshwa kwenye mteremko mkali, au iliyobebwa imelala katika gari, itamwaga petroli kwa mirija yake hata ikiwa mpya kabisa, kwa sababu boya haliwezi kuitawala petroli iliyohama upande. Isimamishwe wima na ingojwe kidogo. Petroli ikikoma, pikipiki haina maradhi.

Ikiwa inaendelea kufurika ilhali imesimama wima, ligonge bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Tone likikoma baada ya kugongwa, hiyo ni dalili kwamba sindano ilikwama au chembe ya uchafu ilikaa kati yake na kiti. Jambo hilo humfikisha msafiri nyumbani, lakini si matibabu, kwa maana chembe iliyoondoka leo ina ndugu zake tangini. Kisha ifungue skrubu ya kumwagia na uikinge petroli ya bakulini katika chupa ya kioo, uiache itulie: maji yatakaa chini yakiwa yamejitenga, kutu itaonekana nyekundu, na mchanga utajikusanya pembeni. Chupa hiyo itakwambia habari za tangi zima.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe na mwenye injini ya mipigo minne. Petroli inayofurika haishuki ardhini daima. Huweza kupita katika koo na kuingia kwenye silinda, ikazipita ringi za pistoni na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Kikinuka petroli, au kimo cha oili kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza, oili hiyo imwagwe kabla injini haijawashwa, kwa kuwa imepoteza utelezi wake na itazila beringi. Kiki ikigoma kushuka, isikanyagwe kwa nguvu, kwa sababu kimiminika hakishindiliki kama hewa na konrodi yaweza kupinda. Itolewe plagi kwanza, iwekwe mbali na tundu lake, ndipo petroli itolewe taratibu, swichi ikiwa imezimwa.

Kuifungua kwa utaratibu

Shahidi akishahojiwa na ushahidi ukaelekea bakulini, kabureta sasa ifunguliwe. Koki ifungwe, mpira uchomolewe, klipu za mbele na nyuma zilegezwe, na kifuniko cha juu kifunguliwe ili waya wa akseleta utoke pamoja na sindano yake ndefu bila kupindwa. Uchafu wa nje uoshwe kabla ya kufungua cha ndani, kwa maana ni upumbavu kuitafuta chembe moja ya mchanga katika kabureta huku ukiidondoshea nyingine mia. Skrubu za bakuli katika pikipiki za Kijapani zina msalaba wenye kipimo chake, tofauti kidogo na ule wa bisibisi ya nyota ya kawaida, na bisibisi isiyozifaa huruka na kuzila vichwa. Atakayeikosa inayofaa achague ile inayojaa vizuri, aisukume chini kwa nguvu kuliko anavyoizungusha.

Bakuli likiondoka, boya litaonekana limeshikwa na pini nyembamba kati ya nguzo mbili. Nguzo hizo ni za aloi dhaifu, na zikivunjika hapo ndipo kabureta hufa kweli. Kwa hiyo pini isukumwe kwa upole, kutoka upande usio na kichwa, isipigwe nyundo. Litoe boya pamoja na sindano yake, ulitikise karibu na sikio. Boya lenye uwazi ndani likisikika petroli ikichezacheza ndani yake limetoboka, limekuwa zito, na haliwezi tena kupanda kama lipasavyo. Asiye na yakini alizamishe katika maji ya moto, yaliyochemshwa mbali na mahali pa kazi, atazame kama mapovu yatatoka. Boya la shaba lililotoboka huzibwa na wengine kwa risasi, lakini risasi huliongezea uzito na kuiharibu mizani ya kimo, na joto la kuchomelea likiukuta mvuke wa petroli uliobaki ndani huleta mlipuko. Kulibadilisha ni salama zaidi.

Kisha itazame sindano mbele ya mwanga. Ncha yake, ambayo katika nyingi imevishwa mpira mgumu, iwe na umbo la pia iliyo laini. Ikiwa na alama ya pete kuizunguka, hapo ndipo ilipogongana na kiti chake kwa miaka, na sindano hiyo haitafunga tena hata ikisafishwa mara ngapi. Pikipiki ya nyika huila sindano upesi kuliko ya mjini, kwa sababu mtikisiko wa mawe huipiga kitini bila kupumzika. Mkiani mwa sindano kuna kipini kidogo chenye springi. Kibonyeze, kirudi chenyewe, maana kazi yake ni kuupokea mtikisiko huo. Kiti cha sindano nacho kisafishwe kwa kijiti chenye pamba na dawa ya kung'arishia shaba, kizungushwe taratibu mpaka king'ae, wala kisiguswe kwa msasa wala waya, kwa kuwa mkwaruzo mmoja usioonekana kwa macho ni mfereji kwa petroli.

Bakuli lenyewe nalo lijaribiwe, kwani ufa katika mrija wa shaba uliosimama ndani yake huwapotosha hata mafundi stadi. Hubadilisha sindano, hubadilisha boya, na tone haliachi. Ikaze skrubu ya kumwagia, lijaze bakuli petroli mpaka chini kidogo ya mdomo wa mrija huo, lishike wima juu ya karatasi kavu, ungoje. Karatasi ikilowa ilhali petroli haijaufikia mdomo wa mrija, mrija umepasuka, na sindano haikuwa na hatia tangu mwanzo.

Wakati kabureta iko wazi, si vibaya kuzisafisha jeti, ingawa hazihusiki na uvujaji. Zipulizwe kwa upepo, zisichokolewe kwa waya, maana tundu la jeti ni kipimo kilichotobolewa kiwandani kwa uangalifu na likipanuka hakuna atakayelirudisha. Boya, oringi na vipande vyote vya mpira vitolewe kabla ya upepo wa mashine au dawa kali kutumika, kwa kuwa upepo hulibonyeza boya na dawa huzifanya oringi zivimbe.

Kipimo cha boya

Vipande vikishasafishwa, au vilivyolika vikabadilishwa, hubaki jambo ambalo wengi huliruka, nalo ni kimo cha boya. Rudisha sindano na boya, ishike kabureta kwa ubavu, uilaze pole pole mpaka ulimi wa boya uguse tu kile kipini cha springi bila kukibonyeza. Hapo pima kwa rula kutoka uso wa ungio la bakuli hadi mgongo wa boya. Kila kabureta ina kipimo chake kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki kwa milimita, na tofauti ya milimita moja au mbili yatosha kuifanya ifurike, au kuifanya injini ikose mafuta penye mlima. Kipimo kikiwa si sahihi, ulimi wa chuma hupindwa kwa kiasi kidogo mno kwa ncha ya bisibisi, kisha hupimwa tena. Boya la plastiki lisilo na ulimi wa chuma halipindwi, na likikosa kipimo hubadilishwa.

Kabla ya kurudisha bakuli, kabureta yaweza kujaribiwa bila petroli. Valisha mpira safi na mkavu kwenye pua ya mafuta, upulize kidogo: boya likiwa limeshuka, pumzi ipite, ukiliinua kwa kidole kwa uzito mdogo tu, pumzi ikatike kabisa. Pumzi ikipita japo kidogo, petroli itapita pia, na kurudisha kila kitu mahali pake kwa matumaini kwamba mambo yatajirekebisha ni kujipa kazi mara mbili. Kabureta ikisharudishwa, koki ifunguliwe na chombo kitazamwe kwa dakika kumi kabla ya kupigwa kiki. Kisha mrija wa plastiki unaoonyesha ndani huunganishwa kwenye tundu la kumwagia, ukainuliwa ubavuni mwa bakuli, na skrubu ikalegezwa, ili petroli isimame ndani yake kwa kimo kile kile ilichonacho bakulini. Jaribio hilo halihitaji chochote cha ghali, nalo humwonyesha mtu kwa macho jambo ambalo angelikisia tu.

Kinga

Sindano mpya iliyowekwa chini ya tangi lenye kutu itaharibika kama ilivyoharibika ile ya kwanza. Petroli iuzwayo katika chupa kando ya barabara za vijijini huokoa safari nyingi, na wauzaji wake wanastahili shukrani, lakini chupa hizo aghalabu zimekaa juani na vumbini, na funeli zake hazina wavu; kwa hiyo anayenunua achuje kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, na kati ya koki na kabureta aweke chujio dogo la plastiki, ambalo gharama yake ni ndogo mno kuliko usumbufu linaouzuia. Koki ifungwe kila pikipiki inapoegeshwa, hata kwa usiku mmoja, kwa sababu koki iliyofungwa huizuia sindano mbovu isigeuke kuwa maafa. Na pikipiki itakayolala miezi mingi, kama zile za ofisi zinazongoja fungu la fedha la mwaka mpya, imwagwe petroli yote ya bakulini, la sivyo sehemu nyepesi zitapaa na kuacha gundi ya manjano itakayoikamatisha sindano kitini mwake.

Kunga ya kazi

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu naamini kwamba kinachopotea katika gereji zetu si petroli tu. Kijana anayejifunza ufundi kwa kubadilisha vipande hujifunza bei na majina. Anayejifunza kwa kutafuta sababu hujifunza jinsi chombo kinavyofikiriwa, na ilmu hiyo haizeeki pamoja na kabureta. Pikipiki zenye mfumo mpya wa kupuliza mafuta zinazidi kufika, nazo zitavuja pia, kwenye mabomba yenye msukumo mkubwa kuliko wa tangi lililoinuliwa, na zitazimika kwa sababu zisizoonekana kwa macho. Fundi aliyezoea kuuliza kama chombo kinafurika au kina ufa atauliza maswali ya namna hiyo hiyo mbele ya chombo asichowahi kukiona, na ataifikia sababu yake. Aliyezoea kubadilisha tu atabadilisha vipande vya ghali zaidi, na mteja ndiye atakayelipa karo ya masomo yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakufunzi wa vyuo vya ufundi, na kwa mafundi wakubwa wenye vijana chini yao, ni moja na halina gharama. Mwanafunzi apewe kabureta inayovuja, na asiruhusiwe kubadilisha kipande hata kimoja mpaka aeleze kwa kinywa chake, mbele ya wenzake, ni kipande gani kilichoshindwa kazi, kwa nini kimeshindwa, na kwa jaribio gani amelijua hilo. Akikosea, aulizwe tena. Akipatia, apewe spana. Na kipande kibovu kinachotoka, kiwe kidogo namna gani, kiwekwe katika kiganja cha mwenye pikipiki pamoja na maelezo yake, kwa kuwa mali ni yake, na mtu aliyeoneshwa sababu ya hasara yake hujifunza kuizuia isirudi.